Ndizi Kumi za Langoni

Kumzoesha binti yangu shule ya nasari kulinigharimu asubuhi nne na ndizi kumi. Nimehesabu mara mbili, ya pili nikitumaini zitapungua.

Nauza mitumba ya watoto hapa Karatina, na yeye amekulia juu ya marobota yangu. Lakini mvua za mwezi wa tano zilipoingia, kifua chake kilikataa baridi ya kibandani. Asingekaa nasari, angerudi kwenye baridi ile ile.

Siku ya kwanza alining'ang'ania sketi langoni. Nikafanya ninachokijua: nikaanza kuelewana bei. Ndizi moja, akae mpaka uji wa saa nne. Akakubali, akala, akalia upya, tukarudi wote sokoni. Siku ya pili aliniambia ile moja ilikuwa ya jana, leo ni mbili. Ya tatu, tatu. Ya nne nikatoa nne, na bado tulirudi pamoja, yeye ameshiba, mimi nimechelewa.

Siku ya tano mwalimu, mama mpole wa kutoka upande wa Kakamega, aliniita kando. Akaniuliza mteja akitaka kupunguziwa bei hufanya nini. Nikamwambia huondoka polepole, akigeukageuka, akingoja kuitwa.

"Na wewe, Mama, hapa unaondokaga aje?"

Nilikuwa nikigeuka kila hatua. Mtoto ameutazama mchezo huo tangu azaliwe, angekosaje kuniita?

Mwalimu akanishauri nimwambie ukweli, kisha niende kama mtu aliyekwisha kulipa. Nikachuchumaa, nikamwambia nitakuja wakimaliza chakula cha mchana. Akataka ndizi tano.

"Hakuna ndizi."

"Haya basi, lete mbili."

"Hakuna. Nakuja mkishakula."

Nikaenda, shingo imekauka kwa kujizuia kugeuka. Kilio kilinifuata hadi kwa fundi wa viatu, kisha kikakatika. Hapo nikashindwa. Nikarudi nikinyata, nikachungulia kwenye ua wa michongoma. Alikuwa akimwonyesha mwenzake jinsi ya kukunja sweta, mikono ndani kwanza, kama tunavyopanga mezani.

Hii ni wiki ya tatu. Yeye hupita lango bila hata kuniangalia. Mimi ndiye bado niko pale kwenye ua kila asubuhi, na mwalimu ameanza kunisalimia kupitia miiba. Aliyewahi kumwachisha mama tabia hii anishauri, ila asianzie kwa ndizi.