Tangi Lililofungwa Mno

Mama alitoa hukumu akiwa bado kitandani, hospitalini Igogwe, mguu mmoja umefungwa hogo la plasta hadi gotini. "Hilo gari likinizimikia njiani nikiwa ndani, linauzwa. Sitaki hata kuliona uani." Baba alicheka, ila mimi niliyesimama karibu yake nilimwona akiushika ufunguo wa gari mfukoni. Anampenda mama, na pikapu yake anaipenda, wala hafichi.

Ni pikapu ya petroli, kuukuu kuliko mimi binti yao, na ina matangi mawili. Chini ya kiti cha dereva kuna koki ya kuchagua gari linywe kutoka tangi lipi. Tangi kubwa lilishatoboka kwa kutu, tukawa tunategemea lile la akiba tu. Mshale wa mafuta nao ulikufa zamani, kwa hiyo baba hupima kwa kijiti: anafungua tangi, anachovya, anatazama, anafunga. Gari likikohoa tu, yeye na kijiti chake. Nimekua hivyo, mimi na spana, yeye na kijiti, na ubishi katikati.

Asubuhi aliyoruhusiwa mama, tukitoka nyumbani, Msasani yetu ya Rungwe, kwenda kumchukua, lilituzimikia zaidi ya mara moja. Linakwenda vizuri, linaanza kumisi, moto unakatakata, linakosa nguvu mlimani, kimya. Baba anashuka, anachovya kijiti, mafuta yapo tele. Anafunga, anapiga stata, linawaka kana kwamba halijafanya kitu. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Gari bovu naliheshimu, lakini gari linalozima na kupona lenyewe, hiyo ni dharau.

Tukafika. Wauguzi wakatusaidia kumpandisha mama, baba akawashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo, kama vile wamempa mke mpya. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwetu isiyo na haraka. Hatukufika hata kwenye lami. Likakohoa, likazima.

Mama alimgeukia baba taratibu.

"Halijazima," baba akasema. "Linapumzika."

"Likapumzikie kwa mnunuzi."

Baba akaanza kutafuta kijiti chini ya kiti. Nikamshika mkono. "Baba, leo kijiti kikae. Tunaanza mbele, tunarudi nyuma, mpaka tujue mafuta yanakwama wapi." Alinuna, lakini akaniachia.

Nikafungua boneti, nikachomoa mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta, nikamwambia apige stata. Yakatoka matone mawili ya huruma. Basi mafuta hayafiki. Nikatoa filta, nikaipuliza, hewa ikapita bila shida. Nikarudi nyuma ya pampu, nikachomoa mpira unaotoka kwenye koki na kuunyonya kwa mdomo. Nikavuta hadi mashavu yakaingia ndani. Hakuna kilichokuja.

"Koki imeziba," nikatangaza, kwa sauti ya fundi mkuu. Nikaifungua pale pale, nimepiga magoti kwenye matope. Ilikuwa safi kabisa. Nikairudisha bila kumtazama mtu.

Baba uvumilivu ukamwishia. Akaenda na kijiti chake kufungua tangi, na mimi kwa ukaidi nikarudi kunyonya ule mpira.

"Nani anavuta pumzi huko nyuma?" mama akauliza kutoka dirishani.

Sikuweza kumjibu, petroli ilikuwa imenijaa mdomoni. Nikatema, nikakohoa, nikatema tena, huku nimeshaelewa. Nikamfuata baba.

"Hili tangi ulilifungaje?"

Mfuniko wake ulikuwa umepotea bila mimi kujua. Baba, akiogopa mvua, alikata nailoni ya mfuko wa mbolea, akaikunja mara mbili, akaifunga kwa mpira wa tyubu na kukaza kwa nguvu zake zote. "Maji yasiingie hata tone," akasema, kwa fahari.

"Na hewa?"

Akaitazama nailoni yake. Sisi wa Rungwe mvua imetufundisha kufunga kila kitu: sukari, kiberiti, daftari za shule. Hewa nani anaikumbuka? Tangi lilikuwa linatoa mafuta, na hakuna kinachoingia kushika nafasi yake, mwisho linayang'ang'ania yaliyobaki. Baba akifungua kupima, hewa inaingia kwa ile sauti ya kuvuta pumzi aliyoisikia mama, na gari linapona. Kisha analikaba upya. Ugonjwa na dawa, vyote mkononi mwake.

Nilicheka hadi nikakaa kwenye matope. Baba alijikaza kidogo, naye akashindwa. Mama alipoelezwa alicheka ameshika goti, akituomba tumhurumie, mguu unauma. Sijui lini tulikuwa tumecheka hivyo watatu. Nikarudisha filta na mipira niliyochomoa, nikakata kipande kilichozidi cha mpira wa mafuta, nikakipitisha kwenye fundo la nailoni, mdomo wake ukaangalia chini ili hewa iingie na mvua ibaki nje.

Gari likanguruma vizuri ajabu. Tulipita migomba, tukapita mashamba ya chai, vilima vyote, halikukohoa hata mara moja. Lakini baba alizidi kupunguza mwendo. Lilikuwa limezima na mama yumo ndani, na baba si mtu wa kubishana na hukumu ya mkewe. Tulipokaribia njia ya nyumbani aliwasha indiketa, akasema polepole, "Wiki hii nitatafuta mteja."

"Usikunje," mama akasema.

Baba akadhani mguu umemzidia. "Unaumwa?"

"Nyoosha. Twende mpaka kule joto linakoanzia, njia ya kushukia Kyela. Nimechoka kutazama dari."

"Na mteja?"

"Mteja wa nini? Endesha gari, baba watoto."

Baba akazima indiketa.