Mirunda ya Ghorofa ya Tatu

Mafundi walimbandika jina la Subiri Kwanza, maana hilo ndilo neno lililomtoka kila alipopanda juu ya jengo. Alikuwa injinia, mwanamke mwembamba mwenye msumari mfukoni. Akifika anakwaruza zege kwa ule msumari, anainamisha sikio, halafu anasema, "Subiri kwanza."

Zege la ghorofa ya tatu lilikuwa na siku tisa tu, bado limebebwa na mirunda, zile nguzo za miti zinazolishikilia hadi likomae. Meneja akamwita ofisini. Ofisi yenyewe kontena, na feni yake ilimpepea meneja peke yake.

"Mirunda inatoka kesho. Naitaka ghorofa ya nne."

"Siku ishirini na moja, bosi. Ikitoka kabla, lile zege linashuka na watu."

"Unahesabu siku kama mwenye mimba! Huyo mtoto wako anazaliwa lini?"

Mafundi waliosimama mlangoni wakaangua kicheko. Mdogo wake Subiri Kwanza naye akacheka. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa watu wa mirunda. Dada mtu alimwingiza kazini mwenyewe, na mkewe alikuwa mjamzito kweli. Alicheka kwa kuwa bosi kacheka.

"Na atakayegoma," meneja akamkodolea yule mdogo macho, "aondoke na nduguye."

Subiri Kwanza akavuta kitabu cha kazi, akaandika: Sikubali mirunda itolewe kabla ya siku ishirini na moja. Nimemwambia meneja. Akatia sahihi. Meneja naye akasaini bila kusoma, huku anapiga miayo.

"Haya, roho imetulia?"

Kweli ilitulia. Alitoka mle mwepesi kama aliyetua ndoo kichwani.

Asubuhi akatumwa kwenye jengo jingine kukagua mchanga. Saa nne simu ikalia.

"Dada, meneja anasema tuanze kugonga. Nitoe?"

Akajiona yeye na mdogo wake wako nje ya geti. Akamwona wifi yake na lile tumbo.

"Nimeshaandika kwenye kitabu."

"Kitabu sikijui mimi. Nakuuliza wewe."

"Mwambie meneja asome."

Akasikia kicheko kidogo, kilekile cha jana. "Haya, dada."

Saa sita zege likashuka. Wawili walikufa palepale. Mdogo wake alichimbuliwa jioni, na miguu yote miwili ikakatwa.

Meneja hakukimbia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafunulia wakaguzi ule ukurasa.

"Someni. Mwandiko wake huo. Alijua, akaenda zake kuchezea mchanga! Mimi nasaini makaratasi kutwa, nitajuaje habari za zege?"

Mkaguzi akamgeukia Subiri Kwanza. "Mdogo wako alipokupigia, ulimjibu nini?"

Akaeleza. Mkaguzi akaacha kuandika. Leseni yake ikachukuliwa palepale mezani.

Alipofika wodini, wifi yake akakivuta kile kiti kimoja, akakikalia mwenyewe. Shuka la mgonjwa lilikuwa limelala bapa kuanzia magotini.

"Umekuja na kitabu, dada?" mdogo wake akauliza.

Akatikisa kichwa.

"Basi niambie kwa mdomo. Nitoe, nisitoe?"



"Usitoe," akasema.

"Kumbe neno lenyewe fupi hivyo," mdogo wake akasema, akageukia ukutani.