Tumbo, Matiti na Kipande cha Udongo

Mnadani wananiita Mama Kulwa, kwa sababu nilizaa mapacha, Kulwa na Doto. Shule niliachia darasa la sita. Sikuwa mjinga, ila sikuweza kukaa mahali pamoja, na mpaka leo siwezi. Nimewapikia wavuvi visiwani, nimeuza dagaa, nimechuma pamba za watu huko Magu, na sasa nazunguka na mitumba kwenye minada. Leo Kisesa, kesho Magu, kesho kutwa kwingine. Wanangu wanakaa kwa mama yangu Magu, wanasoma. Mimi nikifika mahali, nauliza. Nimewahi kusimama kwa mchinjaji mpaka wateja wakanikasirikia, nikitaka kujua kwa nini ng'ombe ana matumbo mengi na mtu ana moja.

Naeleza haya kwa sababu wanawake wengi wananisimamisha na kuniuliza nilifanyaje. Nitasema yote, hata yasiyopendeza.

Mapacha walikuwa wakubwa. Tumbo lilitanuka, na walipotoka halikurudi. Nyama za katikati ziliachana, nikijaribu kuinuka kitandani tumbo lilichomoza kama paa la nyumba. Ngozi ilining'inia mpaka juu ya mapaja. Chini yake palikuwa na jasho na joto saa zote, na kiangazi palichubuka, pakatoa maji na harufu. Nilikuwa nakunja kitambaa cha pamba na kukibana hapo, nikifika chooni nakibadilisha. Matiti nayo yalikuwa mazito sana. Mikanda ya sidiria ilinichimbia mifereji mabegani. Nikilala chali, yananipandia shingoni, nakosa pumzi.

Kitovuni palitokea uvimbe kama ndimu. Nikikohoa unatoka, nikiusukuma kwa kidole unarudi. Niliuzoea.

Kilichonichosha zaidi ni swali la watu. "Mwezi wa ngapi, dada?" Kila mnada, kila wiki. Pale Kisesa kuna mama mmoja, Mama Holo, anauza udongo wa kula, vile vipande vilivyokaushwa ambavyo wajawazito hutafuna. Nilianza kuutafuna nikiwa na mimba ya mapacha, na mimba ilipokwisha hamu haikwisha. Nikinunua kwake ananiongezea kipande na kusema, "Hiki cha mtoto." Mwanzoni nilimweleza kwamba hakuna mtoto. Anasahau. Baadaye nikawa napokea tu na kushukuru.

Siku moja nilinyanyua belo la mitumba peke yangu. Nilisikia kitu kimenikata kitovuni. Ule uvimbe ulitoka na ukakataa kurudi. Ulikuwa mgumu, ngozi yake imebadilika rangi. Nilitapika mbele ya wateja. Mwenzangu wa meza ya jirani, anaitwa Sophia, alinipakia kwenye pikipiki akanishika kwa nyuma mpaka hospitali ya mjini.

Daktari wa upasuaji alinilaza, akausukuma taratibu kwa muda mrefu mpaka ukaingia. Nililia. Kisha akaniambia, "Mama, hii ni ngiri. Leo utumbo umerudi. Siku nyingine unaweza kunasa ukaoza. Hii tunaifunga, na tusichelewe sana."

Nikamuuliza, "Mkishafungua hapo, hii ngozi mnairudisha ya nini?"

Alicheka, lakini alikaa chini. Akanieleza kwamba inawezekana kufunga ngiri, kuzivuta pamoja zile nyama zilizoachana, na kuondoa ngozi iliyozidi, yote kwa mkato mmoja wa chini. Nikamuuliza kuhusu matiti. Akasema yanapunguzwa pia, na kwa mtu mwenye afya vinaweza kufanyika siku moja.

"Lakini elewa tofauti," akasema. "Ngiri ni ugonjwa. Hayo mengine ni uamuzi wako. Ukiyaunganisha, unalala usingizi mara moja tu na unapona mara moja. Ila unakaa mezani muda mrefu, unapoteza damu zaidi, na hatari ya damu kuganda miguuni inaongezeka. Chuchu zinaweza kupoteza hisia. Ukizaa tena, huenda usinyonyeshe. Makovu hayafutiki."

Niliuliza kila kitu. Mtu akilala usingizi ule anaota? Ile ngozi inapelekwa wapi? Kitovu kinabaki pale pale? Alinijibu yote, na mwisho akanitaka nimrudishie maelezo yake kwa maneno yangu, kama mwalimu. Nilipokosea, alirudia.

Nilikwenda Magu kumwambia mama. Dada yangu Limi, anayeishi Butimba, tulikwenda naye.

"Ngiri sawa," mama akasema. "Lakini kukata matiti yaliyonyonyesha? Yamekukosea nini?"

"Mama, anataka kuwa miss Kisesa," Limi akasema. "Tumnunulie na taji."

"Nataka kulala chali," nikasema.

Mama alinisogelea. Halafu akaniambia nifunue. Hakuwa ameniona bila nguo tangu nilipojifungua. Nilifunua. Aliangalia vidonda vya chini ya ngozi, akagusa mifereji ya mabega kwa kidole. "Funika," akasema. Hakuzungumzia tena matiti yaliyonyonyesha.

Kwa matibabu ya ngiri nilipata msaada. Kwa hayo mengine niliuza mbuzi wangu waliokuwa kwa mama. Sikusikitika sana, mbuzi hupatikana tena.

Tatizo lilikuwa damu. Walipoipima walikuta iko chini. Daktari akasema kwa ngiri peke yake anaweza kunipasua hivyo hivyo kwa tahadhari, kwa yote mara moja hawezi. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nisitumie dawa yoyote ya miti shamba bila kumwambia. Nikameza vidonge bila kuruka hata siku moja. Choo kilikuwa cheusi kama lami. Nilikula maini, maharage, matembele na dagaa, mpaka Sophia akasema nanuka ziwa.

Nikarudi kupima. Damu haijasogea.

"Vidonge unameza kweli?"

"Nameza, daktari."

Akauliza kuhusu hedhi, nikamweleza, haikuwa nyingi. Akanipa dawa ya minyoo. Akauliza nakula nini kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikamtajia kila kitu, mpaka muwa. Nikarudi tena kupima. Damu iko pale pale.

Safari hii hakucheka. "Mama Kulwa, nakupa mpaka kliniki ijayo. Ngiri yako haiwezi kusubiri zaidi. Damu isipopanda, nafunga ngiri peke yake. Hayo mengine utarudi baadaye."

Ukiniona nilivyo, utajua nilichokiogopa. Najijua. Mahali nikishaondoka, sirudi. Nikifungwa ngiri tu, nitapona, nitapanda fuso niende mnada mwingine, na miaka itapita nikiwa na kitambaa changu chini ya tumbo. Na kupasuliwa tumbo lile lile mara ya pili nisingekubali. Kwangu ilikuwa ni yote kwa pamoja, au ngiri tu na maisha yale yale.

Nilikwenda kwa Limi, Butimba. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nilikaa karibu yake, nikamweleza. Nikiwa naeleza, nikafungua pochi, nikatoa kipande cha udongo, nikauma.

Limi aliinua kichwa. "Na huo umemwambia daktari?"

"Upi?"

"Huo unaouguguna hapo kama panya."

"Aliniuliza chakula," nikasema.

"Basi sawa. Labda vidonge vyako vinazikwa humo humo." Akacheka, akaendelea na mchele wake.

Mimi sikucheka. Mchanga ulikuwa bado uko kwenye meno. Nikaanza kuhesabu kichwani: asubuhi nikipanga nguo, mchana nikingoja wateja, jioni nikifunga mzigo. Pochi yangu haikukosa udongo hata siku moja. Nimeuliza watu mambo ya saa, ya ng'ombe, ya injini za mitumbwi, na sikuwahi kuuliza udongo unafanya nini ukishamezwa.

Kesho yake nilikwenda hospitali bila kuitwa. Nilingoja mpaka daktari akatoka wodini.

"Shida gani? Ngiri imetoka?"

"Hapana. Nakula udongo."

Akasimama. "Kila siku?"

Nikafungua pochi nikamwonyesha. Alichukua kipande, akakigeuza, akanusa. Akanieleza kwamba udongo wa namna ile ukiwa tumboni unashika madini ya vidonge, yale yanayotengeneza damu, na kutoka nayo chooni. Na kwamba mtu mwenye upungufu wa damu mara nyingi ndiye anayepata hamu ya kula udongo.

"Kwa hiyo naula kwa sababu sina damu, na sina damu kwa sababu naula?"

"Inaelekea ndivyo."

"Sasa kwa nini hamkuniuliza?"

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu si chakula."

Akanirudishia kipande changu. "Nilikuuliza chakula," akasema polepole. "Kuanzia leo nitauliza udongo kwa jina lake." Akaniongezea muda kidogo, kwa sharti kwamba uvimbe ukitoka na kukataa kurudi, nije siku hiyo hiyo, na kwamba nisinyanyue mzigo wowote.

Kuacha kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Mvua ikianza kunyesha juu ya vumbi, mdomo wangu ulijaa mate. Nilisimama karibu na ukuta wa tope kama mtu anayenusa chakula cha jirani. Nilitafuna karanga, nilitafuna karoti, nilitafuna barafu. Kisesa nilihamisha meza yangu upande wa pili ili nisipite kwa Mama Holo. Mara moja nilikuta chenga chini ya pochi, nikazilamba. Nasema ukweli.

Damu ikapanda. Kidogo, halafu zaidi. Siku daktari aliposema, "Sasa tunaweza yote," nilimuuliza kama ana uhakika. Akanionyesha. Limi na Sophia wakaenda kutoa damu kwa ajili yangu. Limi alitoka akijishika mkono, akasema, "Ukirudi na umbo zuri kuliko langu, nadai damu yangu."

Asubuhi ya upasuaji daktari alinisimamisha bila nguo mbele yake na nesi, akanichora kwa kalamu ya zambarau, mistari tumboni na miduara kifuani, akirudi nyuma na kutazama, kama fundi cherehani na chaki yake. Nikamuuliza kwa nini hanichori nikiwa nimelala. Akasema kila kitu kinahama mtu akilala. Hilo nililipenda.

Mama alikuwa mlangoni. Alinishika kichwa. "Nenda, mwanangu. Mungu anakujua hata ukipungua."

Usingizi ule mtu haoti. Au mimi sikuota. Niliamka nina kiu, kifua kimefungwa, tumbo limebanwa na mkanda, mirija miwili inatoa damu iliyochanganyika na maji kwenye vichupa. Maumivu yalikuwa makali, hasa nikikohoa. Walinitembeza mapema ili damu isigande miguuni, nikaenda nimeinama kama bibi kizee, Limi akinishika kiuno na kunitania kwamba natafuta sarafu. Nilikaa kwake mpaka nikaweza kunyooka. Kidonda cha chini ya titi la kushoto kilifunguka, kikatoa majimaji ya njano, kikasafishwa na kufungwa kwa wiki nyingi. Ngozi ya chini ya kitovu bado ina ganzi. Kovu la tumbo linaanzia nyonga hii mpaka nyonga ile, jeusi, nene kidogo. Si tumbo la msichana. Ni tumbo linalokaa ndani ya nguo, na chini yake pamekauka.

Usiku wa kwanza nilioweza kulala chali bila kitu kunipanda shingoni, nililala mpaka jua likawa juu. Limi alikuja kuangalia kama napumua.

Namshukuru Mungu, na daktari aliyevumilia maswali yangu, na mama, Limi na Sophia. Kwa anayefikiria kufanya kama mimi, sitakwambia ufanye wala usifanye. Uliza hatari zote, na uzirudie kwa maneno yako. Ukiambiwa subiri damu ipande, subiri. Na ukiulizwa unakula nini, taja kila kinachopita mdomoni, hata kile usichokiita chakula.

Nilipopata nguvu nilirudi Kisesa. Safari hii sikuzunguka. Nilipita moja kwa moja kwa Mama Holo.

"Mwangaluka, Mama Holo," nikamsalimia Kisukuma. "Shikamoo."

"Mwangaluka. Marahaba." Akanitazama juu mpaka chini, uso ukamchangamka. "Haa! Umejifungua! Mtoto gani?"

"Hakukuwa na mtoto, mama. Ilikuwa ngiri na ngozi. Nimepasuliwa."

Alishika mdomo. Karibu yake alisimama binti mwenye mimba ya kweli, mwembamba, amekwisha kuchagua vipande vyake. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, kama vya mtu aliyepungukiwa damu. Nikamuuliza kama kliniki wamempa vidonge vya damu. Akasema wamempa. Nikamuuliza kama amewaambia kuhusu udongo.

"Hawajauliza," akasema.

"Wewe Mama Kulwa," Mama Holo akaniambia, "umekuja kunisalimia au kunifungia biashara?"

"Nimekuja kukusalimia."

Binti alivitazama vipande mkononi, akanitazama tumbo. Akarudisha viwili, akabaki na kimoja. Nikavuta ndoo ya Mama Holo, nikaigeuza, nikaketi, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.