Mtani Anayechunga Gesi

Muuguzi wa chumba cha watoto wachanga ni Mnyamwezi, mjukuu wa wakata mkonge, na kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazigua. Haki hiyo ya kututania anaitumia bila kuchoka. Mjukuu wangu alizaliwa na presha ya mapafu, akawekewa gesi ya kulegeza mishipa, si oksijeni peke yake. Kila anapoingia, huyu bwana hugonga kioo cha geji kwa ukucha, hufuta miwani kwa pindo la koti, kisha humwinamia mtoto. “Mzigua mvivu wewe! Hata kupumua unataka ufanyiwe?” Nilimweleza kwamba ukoo wa marehemu mume wangu hauna mvivu, na mapafu yetu hayajawahi kulalamikiwa. “Shikamoo, bibi,” akajibu. “Basi leo yamelalamikiwa.”

Jana alasiri mashine ililia. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka bluu. Mtani akaja, akaongeza gesi taratibu, macho kwenye namba, kiganja kifuani pa mtoto. Hakugonga kitu, wala hakututukana. Ukimya ule ulinitisha kuliko mashine. Mimi niliyekwisha kuapa kumshtaki kwa mganga mfawidhi, nikajisikia nikisema, “Baba, sema basi neno. Sisi ni wavivu, tena tangu enzi za mababu.” Hakugeuka. Polepole midomo ikarudia wekundu wake. Ndipo akafuta miwani.

“Tangu mababu, eh? Na wizi wa kuku je?”

Nilikuwa nalia. “Nao upo, baba,” nikasema. “Upo.”