Upande wa Pili wa Santuri

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama dukani Kariakoo nimeikumbatia santuri mpya kama mtoto mchanga. Dada yangu Mwanaidi alikuwa anaolewa wiki inayofuata, mtaa wetu wote wa Mwananyamala umealikwa, nami nilikuwa nimemwahidi wimbo ambao hakuna arusi iliyowahi kuupiga. Kila nilipokwenda kuiulizia, bei ilikuwa imepanda. Usingizi ulinipaa.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kila kitu nakihoji. Nikamwuliza mwenye duka: santuri ileile, iliyoingia kwa bei ya zamani, inapandaje ikiwa imekaa rafuni?

"Hii nimeshainunua," akasema. "Wewe unanilipia nitakayoinunua kesho."

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wizi au hesabu. Akanipa njia: nimletee santuri zangu zote za zamani nilizokusanya, anipe hiyo moja.

Nikarudi nyumbani kuzifunga kwenye kanga. Shangazi yangu, Bi Mwema, alikuwa uani anachambua mchele. Akauliza nazipeleka wapi. Nilipomweleza, akachomoa moja.

"Hii upande wa pili ina nini?"

Nikasema sijui. Sie wakusanyaji tulipiga upande wenye wimbo uliovuma tu. Ule mwingine tuliona ni kumaliza sindano bure.

"Msomi mzima unauza usichokijua," akasema, akarudia mchele wake.

Nikaigeuza. Mwanamke alikuwa akiimba kumuaga bibi arusi, taratibu, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena. Sikurudi dukani, lakini hofu haikuniacha. Mwanaidi, aliposikia sileti ile mpya, alininunia mpaka siku yenyewe ya arusi.

Siku hiyo niliweka sindano kwenye ule upande wa pili. Kisha wanawake wakainuka kutunza, na kwa kuwa mwimbaji hayupo, wakaitunza gramafoni, noti zikajaa pembeni yake.

"Mtunzeni mwenzenu," jirani mmoja akasema, "kaimba mpaka koo limemkwaruza."

Mwanaidi akacheka huku analia.

Mwanangu, bei zitapanda, na sikwambii usiogope; mie mwenyewe bado naogopa. Wala usiache kuwauliza wenye maduka. Ila kabla hujatoa ulichonacho ili upate kipya, kigeuze kwanza, ukisikilize chote. Mungu akupe riziki isiyokukimbia, akupe na sikio la kutambua kilicho chako.