Kibao Mikononi mwa Baba

Turubai likilowa mvua hutoa harufu inayonirudisha kwenye hema letu. Baba alikuwa kibarua wa barabara ya Iringa kwenda Mbeya, na kila kambi ilipohama tulihama nayo kwa lori, tukiwa tumekalia sururu. Sikukaa mahali popote muda wa kutosha kuandikishwa shule. Mama, aliyesoma misheni, alinifundisha mwenyewe kila jioni kwa chaki na kibao cha kuandikia. Nilipokosea neno alinikatiza, "Rudia, mwanangu," hata kama uji unaungua.

Karibu na Iyunga mama alishikwa na kichomi. Kambini hapakuwa na dawa. Tulimzika asubuhi yenye ukungu, na kesho yake lori likaondoka nasi.

Jioni, katika kambi mpya, baba alikaa karibu yangu akanishikia kibao. Hakujua hata herufi moja.

"Soma," akasema.

Nikasoma maneno aliyoyaandika mama kabla hajaugua.

"Vizuri."

Nikasoma tena, safari hii vibaya makusudi, kisha nikasubiri anikatize.

"Vizuri, mwanangu."

Nikaanza kulia. Baba akaweka kibao chini taratibu, akaenda kuchochea moto, maana alidhani nina njaa.