Alizeti ya Kumwaga Shimoni

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya kukamulia alizeti pale Utemini, nikisubiri mashudu ya kuku wangu, alipoingia kijana mwenye buti za matope. Alimwamkia mama mwenye mashine, akaomba pipa zima la mafuta.

Mama alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha kiti. Tangu soko lifunguliwe na mafuta ya nje yasiyonuka yajae madukani, mapipa yake yanashinda yakimtazama. Akamega ugali kwenye bakuli lake la mchana, akauchovya kwenye mafuta, akamnyooshea kijana. Kwetu mafuta hayanunuliwi bila kuonjwa.

"Si ya kula, mama," kijana alisema. "Tunachoronga ardhi kutafuta mafuta ya petroli. Haya tunayachanganya kwenye tope tunaloshusha shimoni kulainisha mtambo. Zamani tulitia dizeli, lakini ikimwagika inaharibu maji ya watu."

Mkono wa mama ulibaki hewani na tonge lake.

"Yaani mnamwaga mafuta yanayolika, mpate yasiyolika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi onja hivyo hivyo. Simuuzii mtu asichokijua."

Kijana akala. Akatafuna polepole, akatikisa kichwa kwa utamu, akauliza kama kuna tonge jingine. Mama akageukia ukutani, akajifuta uso kwa kanga.

Imebidi aje mtu wa kuyamwaga shimoni ndipo yapate wa kuyasifu. Sisi majirani zake tuliyakimbia, eti yananuka alizeti. Sijui tulitaka yanuke nini.